Nisafishe Kidogo, Lakini Nibaki Mimi

Mteja akishavuta kiti cha plastiki na kuketi nyuma yangu, kuna sentensi hakosi kuisema. Wengine huisema kwa Kiswahili, wengine kwa Sheng, wengine kwa kicheko cha aibu: "Nisafishe kidogo, lakini nibaki mimi." Miaka yangu ya kwanza katika kazi hii ya kurekebisha picha, kwenye chumba chetu cha ghorofa ya pili hatua chache kutoka River Road jijini Nairobi, niliichukulia kama salamu tu. Baadaye nikaona kwamba ina maagizo mawili yanayovutana, na kwamba wateja wengi wanaorudi wamenuna ni wale ambao fundi alisikia nusu ya kwanza peke yake.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kusafisha picha, kwa lugha ya mtaa huu, ni kuondoa chunusi iliyoota jana. Pia ni kumwokoa bibi harusi aliyetoka mweusi kama masizi kwa sababu ya gauni jeupe. Pia ni kumpa mtu rangi ambayo hajawahi kuwa nayo maishani, na pia ni kumchonga taya na kumkuzia macho. Mambo manne, neno moja, bei moja. Aliyeomba la kwanza akapewa la nne atakuambia "huyu si mimi", lakini hataweza kukuonyesha kwa kidole kosa liko wapi.

Nianze na kamera, maana mengi tunayoulaumu uso ni makosa yake.

Ukijipiga selfi kwa kunyoosha mkono kidogo, lenzi iko kama sentimita 30 kutoka puani. Masikio yako nyuma ya pua kwa sentimita kumi hivi, na katika umbali mfupi namna hiyo, sentimita kumi ni theluthi nzima ya safari. Kwa hiyo pua inajaa, masikio yanajificha, paji la uso linavimba. Rudi nyuma mita moja na nusu, na zile sentimita kumi zinakuwa si kitu. Mwaka 2018 daktari wa upasuaji wa uso huko Marekani, Boris Paskhover, pamoja na wenzake, waliipigia hesabu tofauti hiyo: selfi ya sentimita 30 huipanua pua kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Hakuna lenzi ya miujiza hapa, hata ile ya milimita 85 ambayo wapiga picha wa harusi huisifia. Inachofanya ni kumlazimisha mpigaji arudi nyuma, na umbali ndio unaofanya kazi. Mtu akiniomba nimpunguzie pua, kwanza namuuliza nani aliishika simu. Mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Kisha kuna kioo. Uso unaoujua ni ule unaouona asubuhi ukipiga mswaki, na huo umegeuzwa: kulia ni kushoto. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao wenyewe, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wengi wa wenye sura walipenda iliyogeuzwa. Rafiki zao wakapenda ya kawaida. Nimelijaribu jambo hili mara nyingi kwa mteja anayesema "sijui nini, lakini sijaipenda." Naigeuza picha bila kusema neno, naye anapiga meza: "Hapo sasa!" Bahati mbaya siwezi kumchapia hiyo, maana vifungo vya shati vimehamia upande wa pili na nywele zimechanwa kinyume, na mkewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona.

Jua letu nalo lina mambo yake. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua linakaa karibu utosini, na mwezi Machi na Septemba linakuwa juu kabisa. Nyusi zinatupa kivuli machoni, pua inatupa kivuli mdomoni, na mrembo anatoka na macho kama mapango. Ndiyo maana vijana wanaopiga picha barabarani katikati ya jiji wakati wa mchana hukimbilia vivuli vya majengo, na kazi yao nzuri huifanya kuanzia saa kumi jioni. Kivuli cha saa sita naweza kukipunguza kwa kompyuta, ila itanichukua nusu saa kufanya kazi ambayo kibao cheupe cha shilingi chache, kikishikwa chini ya kidevu, kingeifanya papo hapo.

Na yule bibi harusi? Kamera ni mashine ya kutafuta wastani. Kipimo chake cha mwanga kimeundwa kwa dhana kwamba yote yaliyo mbele yake, yakichanganywa, yatakuwa kijivu cha katikati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Mpe gauni jeupe, mwavuli mweupe na ukuta mweupe, kamera itasema mwanga umezidi, itaupunguza, na uso wa mwanamke mweusi aliye katikati ya weupe wote huo utazama. Kuupandisha uso huo ni kumrudisha alivyokuwa pale kanisani, na hakuna uhusiano wowote na kumfanya mweupe. Ni muhimu kuyatenganisha mawili hayo, kwa sababu mengi ya huko mbele yanasimama hapo.

Kuupandisha kunategemea ulipewa faili gani. Picha ya JPEG, ile aina ya kawaida ya simu, inabeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi. Faili ghafi ya kamera nzuri, ya biti 14, inabeba ngazi 16,384. Ukivuta kivuli kwenye JPEG, hasa iliyopita WhatsApp na kubanwa, yale machache yaliyobaki gizani yanapasuka na kuwa mabakamabaka. Wateja hudhani ni fundi aliyeharibu. Ukitaka kumsaidia fundi wako, tuma picha kama dokumenti, si kama picha.

Kusafisha sura kulianza zamani sana, kabla hata ya rangi kuingia kwenye picha. Mpiga picha wa Munich, Franz Hanfstaengl, alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1855 negativu iliyorekebishwa pamoja na picha mbili, kabla na baada, na watu wakashangaa. Njia yake ilikuwa ya akili. Kwenye negativu, kila kitu kimepinduliwa: kivuli cha kunyanzi kinaonekana kama mstari mwangavu. Fundi aliiweka negativu mbele ya taa, akachukua penseli ngumu iliyochongwa kama sindano, akaujaza ule mstari kwa vidoa vidogo. Wakati wa kuchapa, risasi ya penseli ilizuia mwanga kidogo, na kunyanzi likatoka hafifu. Ufundi huo ulienea kwenye studio za dunia nzima, na kwa zaidi ya karne moja "kusafisha" kulimaanisha saa nzima ya penseli kwa uso mmoja.

Photoshop ilipotoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili Thomas na John Knoll, ilihamisha chumba kizima cha giza, kile cha kuoshea na kuchapia picha, ndani ya kompyuta, hadi na alama zake. Kifaa cha kung'arisha kina alama ya kijiti chenye kibao cha mviringo, kwa sababu ndicho tulichoshika chini ya taa kukinga mwanga usiifikie karatasi. Kifaa cha kukoleza kina alama ya mkono uliokunjwa na kuacha tundu. Vijana ninaowafundisha huvibonyeza siku nzima na hawajawahi kunusa dawa ya kuoshea filamu.

Sasa ngozi. Nitakaa hapa kidogo.

Fikiria kiondo. Kina mistari ya rangi, na kina msuko wa katani. Ukikitazama kutoka mbali unaona rangi. Ukikikaribia unaona msuko. Uso uko hivyo hivyo. Kuna rangi na mwanga unaobadilika polepole kutoka shavu hadi kidevu, na kuna vinyweleo, vitundu na mikunjo midogo ambayo ndiyo msuko wa ngozi. Kasoro nyingi zinazowakera watu ziko kwenye rangi: weusi chini ya macho, doa lililoachwa na chunusi iliyopona, wekundu wa mahali penye mwasho. Msuko wenyewe hauna kosa. Kichujio cha simu hakijui tofauti hiyo. Kinamwaga ukungu juu ya vyote viwili, na kiondo kinageuka beseni la plastiki.

Fundi anayejua kazi huigawa picha matabaka mawili. La chini analitia ukungu kwa makusudi mpaka libaki na rangi na mwanga tu. La juu linabaki na msuko peke yake, na ukiliona pekee linafanana na uso uliochongwa kwenye saruji ya kijivu. Akitaka kusawazisha doa, anagusa tabaka la chini na kuuacha msuko ukae pale juu, mzima. Chunusi iliyoinuka, ambayo ina rangi na umbo, inaondolewa kwenye yote mawili. Kuna pia brashi ya kuponya, iliyoingia Photoshop mwaka 2002, ambayo kwa kazi ndogo inatosha. Tofauti yake na muhuri wa zamani wa kunakili ni hii: muhuri unahamisha kipande cha ngozi kama kilivyo, rangi na yote, ndiyo maana ukinakili paji la uso na kubandika shavuni kiraka kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Brashi ya kuponya inachukua msuko wa kule na kuuvika rangi na mwanga wa hapa.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipenda na ndiyo inayoumiza mgongo, ni kung'arisha na kukoleza kwa brashi ndogo, kidogo kidogo, bila kufuta chochote. Kunyanzi ni nini kama si mstari wa kivuli wenye ukingo wa mwanga? Ukikiinua kivuli kidogo, kunyanzi linabaki pale lakini halipigi kelele. Ndiyo penseli ya Hanfstaengl hasa.

Lakini masomo mengi ya mtandaoni ambayo vijana wetu hujifunzia yametengenezwa kwa nyuso za Wazungu, na yana amri moja inayotuponza: ua mng'ao wote. Kwenye ngozi nyeupe umbo la uso husomwa zaidi kwa vivuli. Kwenye ngozi nyeusi husomwa kwa mng'ao: mstari wa juu ya pua, kilele cha shavu, katikati ya paji, ukingo wa mdomo wa juu. Uondoe mng'ao huo, na uso unalala bapa kama lami iliyokaukiwa na mvua. Kiswahili kina neno lake, na kila mtoto aliyelelewa hapa analijua: amepauka. Mama zetu walitupaka mafuta ya Arimis mpaka magotini kabla ya kutupeleka studio, tukang'aa kama sufuria mpya, na tulipokua tukawacheka. Walikuwa wakimsaidia mpiga picha kuliko alivyojua.

Mng'ao si sawa na mwanga wa flashi uliotua kwenye jasho. Mng'ao wa kweli bado una rangi ya ngozi ndani yake, kahawia iliyopata nuru. Flashi kwenye jasho inaacha kiraka cheupe kabisa, kisicho na habari yoyote, namba 255 kwenye kila rangi. Hicho hukifuti. Unakirudishia rangi ya ngozi ya jirani kwa brashi hafifu mpaka kiwe mng'ao wa kawaida, kisha unaacha.

Kosa lingine ni kupandisha mwanga peke yake. Ngozi nyeusi ina wekundu, ina umanjano, mingine ina ubluu vivulini, na rangi hizo hushikana na mwanga. Ukivuta mwanga bila kuvuta rangi pamoja nao, unapata kijivu. Wateja wanasema "nimekuwa kama maiti", na hawatii chumvi.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye lile jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. "Niweke maji ya kunde kidogo." Kuna anayesema hivyo kwa sababu kamera ilimfanya mweusi kuliko alivyo, na anastahili kurudishiwa rangi yake. Kuna anayesema hivyo kwa sababu anataka kompyuta imfanyie kile ambacho krimu za kujichubua humfanyia jirani yake. Kwa sikio ni ombi moja. Namna ninayoyatenganisha ni kumwomba aweke mkono wake kando ya skrini. Tukisawazisha uso na mkono, tumemaliza. Akitaka kuvuka hapo, namwonyesha shingo na masikio yake kwenye picha, ambayo sasa ni ya mtu mwingine, na wengi hucheka na kurudi nyuma. Wasiorudi nyuma, ni picha yao.

Wagombea ndio wateja wangu wabaya zaidi katika hili, na nasema hivyo kwa upendo, maana wanalipa. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 ungeweza kusimama kwenye kituo kimoja cha matatu na kumwona mtu yule yule katika rangi tatu: moja kwenye karatasi iliyobandikwa mlingotini, nyingine kwenye bango kubwa, ya tatu kwenye fulana. Si yote yalikuwa majivuno. Wino ukitua kwenye karatasi hutambaa, nukta zinanenepa, na sehemu nyeusi huziba kwanza. Uso mweusi unaoonekana sawa kwenye skrini hutoka mzito kwenye karatasi, hasa karatasi ya bei rahisi. Kwa hiyo mpiga chapa hupandisha mwanga mapema ili kufidia. Kisha msaidizi wa mheshimiwa naye anapandisha, kisha mheshimiwa mwenyewe anasema bado, na mzee wa watu anafika kwa wapiga kura akiwa rangi ya chai ya maziwa mengi.

Hata hivyo lawama haiishii kwetu. Filamu zenyewe za rangi zilitengenezwa zikiangalia upande mmoja. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambazia maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikabaki na jina la mmoja wa wanamitindo wa mwanzo, Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliwahoji waliokuwa wafanyakazi wa Kodak na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mojawapo ya yaliyojitokeza ni kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Chokoleti ilisikilizwa. Siku hizi mambo yamesogea: Google ilitoa simu yake ya Pixel 6 mwaka 2021 ikiwa na mfumo wa kupima vyema ngozi nyeusi, na mwaka uliofuata ikatangaza kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk, wakati kile kilichozoeleka cha daktari wa ngozi Fitzpatrick, kilichoanza 1975, kina aina 6 tu.

Umbo la uso, yaani la nne katika yale manne, ndilo simu hufanya bila kuulizwa. Baadhi huja na kitufe cha urembo kimewashwa tayari. Programu inatafuta alama usoni, pembe za macho, mabawa ya pua, mstari wa taya. Mpango mmoja unaotumika sana una nukta 68. Ikishazipata inazisogeza: za macho zinapanuka, za pua zinakaribiana, za taya zinaingia ndani. Inafanya hivyo kwa kila uso kuelekea mfano mmoja. Ndugu wanne wakipiga picha pamoja na kichujio hicho wanatoka kama mapacha, na mfano wenyewe haujawahi kuishi Kayole wala Kawangware.

Nilifikiri mimi, fundi wa mkono, niko salama na mambo hayo. Sikuwa.

Alhamisi moja jioni, vijana wawili walipanda ngazi na picha ya mama yao kwenye simu. Mwili ulikuwa uondoke mochari alfajiri kuelekea nyumbani. Vijitabu vya ibada vilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Ilibaki ile picha kubwa ya kusimamishwa mbele ya jeneza. Waliyokuwa nayo ilikatwa kutoka picha ya harusi ya jirani, imepita kwenye vikundi vya WhatsApp mara sijui ngapi. Upana wake ulikuwa pikseli 900. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297, na kuichapa kwa nukta 300 kila inchi kunataka pikseli 3,508. Sisi tulikuwa na nukta 77 kwa inchi. Nikaitia kwenye programu ya kukuza picha kwa akili mnemba, na baada ya dakika mbili mama akatokea mbele yetu na kope moja moja, mboni zenye nuru, kitambaa cha kichwa chenye nyuzi. Vijana walinyamaza. Mmoja akafuta macho. Nikasawazisha rangi, nikapeleka kuchapa.

Saa tatu usiku wakarudi na shangazi yao. Aliishika ile picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Hakunigombeza. "Mwanangu," akasema, "mwanya wake uko wapi?"

Nilifungua picha ya awali na kuikuza. Kati ya meno mawili ya mbele palikuwa na mstari mweusi wa pikseli nne. Programu iliuona ikadhani ni uchafu, ikaufunika kwa jino safi. Mimi sikuwa nimegusa meno kabisa. Na sikuwa nimeangalia, kwa sababu uso ulikuwa mzuri mno.

Programu hizi hazioni zaidi ya unavyoona wewe. Zinakisia. Zimeonyeshwa nyuso nyingi, na panapokosekana habari hujaza kile ambacho nyuso hizo zilikuwa nacho mara nyingi. Mwaka 2020 programu iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa mpaka ikawa viraka vya mraba. Ilitoa uso safi, wenye vinyweleo, wa mwanamume mzungu. Obama, ambaye nusu ya Siaya humwita wetu! Ilipokosa habari ilijaza ilichozoea, na mwanya wa yule mama ulienda kwa njia hiyo hiyo.

Usiku ule nilikata meno kutoka kwenye picha ya awali, nikayakuza kwa njia ya kawaida, nikayarudisha mahali pake. Yalikuwa na ukungu kidogo kuliko uso uliobaki. Hakuna aliyelalamikia ukungu.

Kuna picha zisizosafishwa kabisa, na hapa sitanii na mteja. Picha ya pasipoti au ya viza inasomwa na mashine inayopima umbali kati ya macho, pua na kinywa. Ukichonga taya umechonga kitambulisho. Marekani inakataa waziwazi picha za viza zilizorekebishwa kwa kompyuta, na sheria hiyo inawabana hata wanaocheza bahati nasibu ya Green Card. Msimu wake ukifika, saiba zote za mjini zinajaa, na utamsikia mtu akimwambia kijana wa saiba "nitoe hii chunusi." Aiache. Chunusi haijawahi kumnyima mtu viza.

Matangazo nayo yana sheria zake katika baadhi ya nchi. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya biashara ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kunenepeshwa lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Norwei imekwenda mbali zaidi tangu Julai 2022, ikahusisha ngozi na pia watu wanaolipwa kutangaza mitandaoni.

Tangu usiku wa ule mwanya, kabla sijagusa brashi nina swali moja ninalouliza juu ya kila kitu usoni: "Hili ni la lini?" Weusi chini ya macho ni wa jana, bibi harusi hakulala, utaondoka. Vipele vya wembe ni vya asubuhi, vitaondoka. Meno ya kahawia ya mtu aliyekulia Naivasha au Nakuru, ambako maji yana floridi nyingi, ni ya tangu utotoni, na ameyazoea yeye na watu wake. Nayapunguza rangi akiomba, siyafanyi bakuli la kauri. Kovu la kwenye paji ni la mlango wa matatu, mwaka aliomaliza shule. Ukishauliza, mtu huanza kusimulia, na akimaliza kusimulia kovu mara nyingi husema mwenyewe, "hilo liache."

Swali hilo lilinikwama mara moja. Alikuja msichana wa kama miaka ishirini na minne, ameshika bahasha ya picha za kuvishwa pete. Mashavu yote mawili yalikuwa na chunusi, nyingine mbichi, nyingine madoa yaliyokolea.

"Hizi ni za lini, dada?"

"Tangu kidato cha pili."

Miaka minane au tisa. Nilikaa na kipanya mkononi. Kuziondoa zote ni kumpa uso ambao mchumba wake hajawahi kuubusu. Kuziacha zote ni kumdharau. Nikayashusha madoa kwenye tabaka la chini mpaka nusu, zile mbichi nikaziponya, msuko sikuugusa. Nikasogea pembeni aone.

Aliinama karibu na skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Akazipitia moja moja, kama mtu anayehesabu chenji. Kisha akaweka kidole chini ya taya, upande wa kushoto, mahali ambapo nilikuwa nimefuta kidoa kimoja kidogo nikidhani ni sehemu ya zile nyingine.

"Hii rudisha," akasema. "Hii ni ya mama."